Muulize Mjomba: Dhoruba inatoa wapi nguvu zote hizo?

Wiki hizi mmeniletea maswali ya mvua, radi na upepo mpaka simu imejaa, kwahiyo leo tunayamaliza yote humu humu, yaliyofanana nimeyaunganisha na yale marefu sana nimeyapunguza, mnisamehe. Kitu kimoja kabla hatujaanza tusije tukachanganyana: nikisema tonado naongelea ule mnara mwembamba wa upepo unaozunguka, unaoning'inia kutoka kwenye wingu mpaka chini, na nikisema kimbunga naongelea lile dubwana linalozaliwa baharini lenye upana wa mamia ya kilomita. Haya twende.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi nipo kidato cha pili. Mwalimu wa jiografia alisema mvua za radi zinaletwa na joto, ila mvua ikinyesha si tunasikia baridi? Sasa hilo joto linatoka wapi na linaishia wapi?

Marahaba mwanangu. Swali lako ndo limebeba mengine yote kwahiyo nitakaa hapa kidogo, wenye haraka mnivumilie.

Joto linaanzia kwenye jua, hilo kila mtu anajua, ila kitu ambacho watu wanakiruka ni maji. Maji yakikauka kutoka ardhini au baharini yakawa mvuke hayaondoki hivihivi, yanachukua joto jingi sana, yani ukiigeuza kilo moja ya maji yanayochemka yote iwe mvuke unatumia joto zaidi ya mara 5 ya lile ulilotumia kuyatoa nyuzi 0 mpaka yakachemka. Na hilo joto halijapotea popote, limejificha mule ndani ya mvuke. Ndo maana mvuke wa sufuria ukikupiga mkononi unaunguza vibaya kuliko yale maji yenyewe, ukigusa ngozi tu unageuka maji na lile joto lote linaachiwa palepale. Wingu nalo linafanya kitu hichohicho, tofauti ni kwamba linafanya kwa tani na tani za maji kwa mkupuo.

Sasa fuatilia hewa moja yenye unyevu ikiwa inapanda. Mwanzoni inapoa haraka, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Ikifika mahali mvuke ukaanza kugeuka matone (ukiangalia mawingu ya mchana utaona vitako vyake vyote viko bapa na viko usawa mmoja, hapo ndo penyewe) lile joto lililojificha linaanza kutoka na hewa sasa inapoa polepole, nyuzi 5 au 6 tu kwa kilomita. Kama hewa ya jirani huko juu ni baridi kuliko hapo, hii yetu inabaki ya moto na nyepesi kuliko wenzake basi inazidi kupanda, ikipanda mvuke mwingine unakuwa matone, joto jingine linatoka, inapanda tena, yani wingu linajichochea lenyewe mpaka mvuke uishe au ligonge juu.

Kwahiyo watabiri wa hali ya hewa wakitaka kujua leo kuna radi au hamna wanaulizia mambo matatu: chini kuna unyevu wa kutosha? juu kuna baridi ya kutosha? na je kuna kitu cha kuisukuma hewa ya chini ianze safari? Hicho cha kusukuma kinaweza kuwa mlima, au upepo wa baharini ukikutana na wa nchi kavu, au hewa baridi nzito inayojipenyeza chini ya hewa ya moto. Ziwa Victoria ni darasa zuri la hili. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, mawingu yanajengeka kandokando, ila usiku nchi kavu inapoa haraka na ziwa linabaki na joto lake, upepo unatelemka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, ukikutana pale hauna pa kwenda zaidi ya juu. Ndo maana dhoruba za pale zinachachamaa usiku wa manane mpaka alfajiri, saa ambazo wavuvi wako majini.

Wingu likifika kilomita 16 na zaidi kwenye nchi za joto, ndege kubwa za abiria zinapita chini ya hapo, linakuta stratosfia, lile tabaka la hewa la juu ambako hewa haipoi tena ukipanda, basi haliwezi kuendelea, linatandaa pembeni. Ukiona wingu kubwa lenye kilele bapa kilichosambaa ujue limeshafika mwisho wake.

Na ile baridi yako sasa. Matone na barafu vikishakuwa vizito vinaanguka, vikianguka vinaiburuta hewa navyo, na njiani baadhi ya matone yanakauka yakichukua joto kutoka kwenye hewa hiyohiyo, inakuwa baridi, nzito, inaporomoka mpaka ardhini na kusambaa pande zote. Ule upepo unaokupiga usoni dakika chache kabla ya tone la kwanza, unaobamiza milango na kubeba nguo kwenye kamba na vumbi juu, ndo huo, umetoka kilomita kadhaa juu ya kichwa chako muda si mrefu. Afu ile hewa baridi ikishatapakaa chini inakata njia ya hewa ya moto kuingia kwenye wingu, kwahiyo dhoruba ya kawaida inajiua yenyewe ndani ya saa moja hivi. Shika hiyo, tutaihitaji kwenye tonado.

SWALI: Mambo mjomba. Kama wingu ni maji tu, umeme unatoka wapi? Afu kazini tunabishana, kuna jamaa anasema ukiongea na simu radi inakufuata.

Poa. Wingu la radi sio maji tu, sehemu kubwa ya juu ni barafu, hata kama wewe huku chini unatoka jasho. Mle ndani kuna vibarafu vidogo vyepesi, kuna vipande vizito vya barafu laini, na kuna matone ambayo yako chini ya nyuzi 0 ila bado hayajaganda. Vyote vinapigwa na upepo unaopanda, vinagongana mara mamilioni, na kila vikigongana vinaachiana chaji. Vile vyepesi vinabaki na chaji chanya vinabebwa juu, vizito vinabaki na hasi vinakaa katikati na chini. Chaji zikishatengana vya kutosha hewa inashindwa kuvumilia, na hapo ndo inapiga.

Kinachotokea kwa radi ya kuja chini ni kwamba kutoka kwenye wingu kunatelemka njia ya umeme kwa vipandevipande, kama mita 50 kila hatua, huku ardhini vitu virefu navyo vinatoa cheche zake kuelekea juu. Zikikutana tu mkondo mkubwa unapita, hewa ya kwenye ile njia inafika kama nyuzi 30,000, hiyo ni karibu mara 5 ya uso wa jua, inapanuka kwa kishindo na kishindo ndo ngurumo yenyewe. Ukiona mwanga unachezacheza jua umeme umepita kwenye njia ileile zaidi ya mara moja. Na radi nyingi hazifiki chini kabisa, zinaishia ndani ya mawingu. Mojawapo ya hizo za mawinguni, tarehe 22 Oktoba 2017 huko Marekani, ilitembea kilomita 829 kutoka mashariki mwa Texas mpaka karibu na Kansas City, na ndo rekodi ya dunia iliyothibitishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Kuhusu simu, jamaa yako amekosea, simu ya mkononi haivuti radi. Tatizo ni pale ulipo ukiwa unaongea: kwenye uwanja wazi, juu ya kilima, chini ya mti uliosimama peke yake, majini. Simu yenye waya, au iliyochomekwa kwenye chaji ukutani, hiyo ndo ya kuiogopa maana umeme unaweza kuingia kwa nyaya. Hesabu sekunde kutoka mwanga mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja, ila msijipe moyo kwamba kilomita 8 ni mbali, radi inaweza kuruka nje ya wingu ikapiga zaidi ya kilomita 10 pembeni kwenye mbingu ya bluu. Ukisikia ngurumo tayari uko kwenye eneo lake. Ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kuna mwingine aliuliza ni wapi kunapiga sana duniani. Satelaiti zilipohesabu, namba moja ilikuwa Ziwa Maracaibo kule Venezuela, mimweko 233 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka, na ya pili ni Kabare, mashariki mwa Kongo, 205.

SWALI: Mjomba, zile chamchela za vumbi zinazopitaga uwanjani mchana, zikikua zinaweza kuwa tonado? Mwanangu anaziogopa kweli.

Mwambie asiogope, ila akae mbali macho yasiingie mchanga. Chamchela inazaliwa na ardhi. Jua limechoma udongo, hewa ya juu yake ikapanda kwa haraka ikakutana na kaupepo kidogo ikaanza kuzunguka, basi. Juu yake mara nyingi hamna hata wingu. Inakula joto la kile kiwanja tu, ikitoka hapo kwenye majani au kivuli inakufa. Haina kwa kupata nguvu zaidi.

Tonado kali inaanzia kwenye wingu, na wingu lenyewe sio la kawaida. Mnakumbuka nimesema dhoruba ya kawaida inajiua kwa sababu mvua inaangukia palepale hewa ya moto inapopandia? Sasa tuseme upepo wa karibu na ardhi unatoka kusini na ni wa wastani, ila ule wa kilomita 5 au 6 juu unatoka magharibi na una kasi balaa. Mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza, wingu linalala upande, mvua inaangukia pembeni, njia ya hewa ya moto inabaki wazi, kwahiyo wingu badala ya kufa ndani ya saa moja linaishi masaa kadhaa. La pili, ile tabaka katikati ya upepo wa polepole na upepo wa kasi inaanza kujiviringisha, ikiwa imelala, mhimili wake uko sambamba na ardhi. Hewa inayopanda kwa nguvu inaunyanyua ule mviringo na kuusimamisha wima, na hapo wingu zima linaanza kuzunguka, kipande chenye upana wa kilomita kadhaa. Hilo ndo wanaliita superseli. Ukiliangalia kwa video iliyoharakishwa utaliona linageuka taratibu na kitako chake kimeshuka chini kidogo, inatisha hata bila tonado.

Ila hapo bado tonado haipo. Superseli nyingi zinaisha bila kutoa hata moja, na kwanini hii inatoa na ile ya pembeni yake haitoi ndo kitu ambacho wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Wanachojua ni kwamba hewa baridi inayotelemka nyuma ya wingu inazunguka na kukaza mzunguko karibu na ardhi, afu ule mzunguko ukivutwa juu na wingu unarefuka na kuwa mwembamba, na kitu kinachozunguka kikiwa chembamba lazima kasi ipande. Kutoka upana wa kilomita mpaka mita mia au mia mbili, piga hesabu mwenyewe. Rada iliyokuwa karibu na tonado ya Oklahoma tarehe 3 Mei 1999 ilipima upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Na kile kinachoonekana, ule mkonga wa kijivu, ni mvuke uliogeuka matone kwa sababu mgandamizo wa hewa mule ndani umeshuka ghafla, pamoja na vumbi na vipande vya nyumba za watu. Tonado nyingi zinaisha ndani ya dakika 10. Ila ile ya tarehe 18 Machi 1925 ilitambaa kilomita 350 kupitia Missouri, Illinois na Indiana na kuua watu 695.

Kwanini Marekani ndo wanazipata sana, kama 1,200 kwa mwaka? Ni jiografia tu, hewa ya joto yenye unyevu inatoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu inatokea upande wa milima ya magharibi, na juu yake kuna mkondo wa upepo wa kasi, vyote vinakutania kwenye tambarare bila kizuizi. Sio wao peke yao lakini. Iliyoua watu wengi kuliko zote ilikuwa Bangladesh, 26 Aprili 1989, watu kama 1,300, na Afrika Kusini wanazo pia, Tongaat karibu na Durban ilipigwa Juni 2024. Karibu na ikweta ni nadra kwa sababu upepo wa juu na wa chini huwa hautofautiani vya kutosha.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mstaafu. Upepo umeezua mapaa ya nyumba nyingi kwa dakika tano, vijana wanasema ni tonado, mimi nakataa. Tutajuaje?

Shikamoo mzee wangu. Angalieni miti ilivyolala. Kama yote imeelekea upande mmoja, au imesambaa kutoka sehemu moja kwenda nje pande zote, hiyo ni hewa baridi iliyoporomoka kutoka kwenye wingu la mvua ikagonga ardhi na kutapakaa, ile niliyomweleza mwanafunzi hapo juu ila kwa nguvu kubwa zaidi, inaweza kuvuka kilomita 100 kwa saa vizuri tu. Kama miti imelalia ndani, imepishana huku na kule kwenye mstari mwembamba mrefu, hapo vijana wana hoja. Kwa maelezo yako naona wewe ndo uko sahihi.

Aliyegundua hii njia ya kusoma uharibifu ni Ted Fujita, Mjapani aliyehamia Chicago, ndo huyohuyo ambaye vipimo vya ukali wa tonado vina jina lake tangu 1971. Mwaka 1975 ndege ya abiria ilianguka New York ikiwa inakuja kutua wakati wa radi, yeye akasema ni poromoko la hewa ndo liliisukuma chini. Wenzake wengi walimbishia. Miaka michache baadaye rada zikayaonyesha yale maporomoko waziwazi, na leo marubani wanafundishwa kuyakwepa, wengi wetu tunaopanda ndege tunamshukuru bila kumjua.

SWALI: Mjomba nimesikia mtu redioni anasema nchi za ikweta haziwezi kupigwa na kimbunga. Ni kweli? Na kinatokeaje mpaka kinakuwa kikubwa hivyo?

Nusu ya kweli. Tuanze na kinavyotokea.

Kimbunga ni kundi la mvua za radi zilizojikusanya juu ya bahari yenye joto. Maji yanatakiwa yawe kama nyuzi 26.5 na kuendelea, na sio juujuu tu, mpaka kina cha mita 50 hivi, kwa sababu upepo utayakoroga na kama chini kuna maji baridi yatapanda juu na kuua mchezo. Yale mawingu yanaachia joto kama nilivyoeleza, hewa inapanda, mgandamizo pale baharini unashuka, hewa ya pembeni inakimbilia kuziba. Sasa dunia inazunguka, kwahiyo hiyo hewa inayokimbia haiendi moja kwa moja, inapinda, kusini mwa ikweta inapindia kushoto na kaskazini inapindia kulia, matokeo yake badala ya kujaza lile tundu inalizunguka. Na upepo ukiongezeka juu ya bahari unakausha maji mengi zaidi, mvuke unaongezeka, joto linaongezeka, mgandamizo unashuka zaidi, upepo unaongezeka tena. Ukifika kilomita 119 kwa saa hivi ndo linaitwa kimbunga kamili, la Atlantiki wanaliita harikeni, la Pasifiki ya magharibi taifuni, ni kitu kilekile.

Na kuna kitu mi nakionaga kitamu sana hapa. Ile tofauti ya upepo wa juu na wa chini inayozaa tonado ndo inayoua kimbunga. Tonado inataka wingu lilale, kimbunga kinataka lisimame wima kabisa juu ya kile kitovu ili joto lote liachiwe sehemu moja. Upepo wa juu ukiwa mkali unakata kichwa na kukipeleka upande wa pili, joto linatawanyika, mchezo unaisha. Kingine kinachokiua ni nchi kavu, maana kinakosa maji ya kukausha. Ndo maana kinapungua nguvu kikiingia bara, ila mvua yake haiishi hapohapo, na hapo ndo watu wanajisahau.

Sasa ikweta. Ile nguvu ya kupindisha upepo, inayoitwa nguvu ya Coriolis, ipo sifuri kwenye mstari wenyewe na inaongezeka ukienda kaskazini au kusini, kwahiyo vimbunga karibu vyote vinazaliwa zaidi ya kilomita 500 kutoka ikweta. Karibu vyote. Desemba 2001 kimoja kinaitwa Vamei kilijitokeza karibu na Singapore, kama kilomita 150 tu kaskazini ya ikweta, wataalamu wakashika vichwa. Kwahiyo kupigwa palepale kwenye mstari ni nadra mno, ila mtu asichukulie kwamba pwani yote ya Afrika Mashariki ipo salama. Zanzibar ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa na meli za Sultani Barghash zikaharibika bandarini. Lindi ilipigwa tarehe hiyohiyo 15 Aprili, 1952. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, bahati nzuri kilikuwa kimeshadhoofika. Mara chache sio sawa na haiwezekani.

Ukitaka kujua bahari ya joto inavyoweza kulisha kimbunga angalia Freddy wa 2023. Alizaliwa karibu na Australia mwanzoni mwa Februari, akavuka Bahari ya Hindi yote, akapiga Madagaska, akaingia Msumbiji, akarudi baharini kwenye mlango wa Msumbiji akanywa joto tena, akarudi kupiga Msumbiji mara ya pili, siku 36 jumla, hakuna kingine kilichowahi kudumu hivyo. Na nchi iliyoumia kuliko zote ni Malawi ambayo haina hata bahari, maporomoko ya udongo kule Blantyre.

SWALI: Eti katikati ya kimbunga kunakuwa na jua? Na upepo wake na maji yake, kipi kinaua zaidi?

Ndio, linaitwa jicho. Hewa inayozunguka kwa kasi haiwezi kufika katikati kabisa, inapanda kwenye ukuta wa mawingu kulizunguka jicho, na humo ndani hewa inashuka kidogokidogo, ikishuka inapata joto na mawingu yanakauka. Kwa kawaida ni kilomita 30 mpaka 60 kwa upana, upepo unatulia, unaweza hata kuona nyota, watu wanatoka nje kuangalia mabati yao yalikoenda. Afu ukuta wa upande wa pili unafika, na sasa upepo unatoka upande uliogeuka kabisa na ule wa kwanza. Wengi wanafia hapo. Jicho likikupitia, kaa ndani.

Kinachoua zaidi ni maji, na sio kidogo. Upepo unaisukuma bahari mbele yake mpaka inapanda nchi kavu kwa mita kadhaa, na kama pwani ni ya kina kifupi na tambarare maji yanaenda ndani kilomita nyingi. Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua angalau watu 300,000 kwenye eneo ambalo leo ni Bangladesh, karibu wote kwa maji. Kimbunga Idai kilipoingia Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, dunia iliona picha za mabati yanaruka, ila siku zilizofuata mito ilifurika mashamba yakawa bahari, na ukichanganya Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walikufa zaidi ya watu 1,000. Kwahiyo wakitangaza kimbunga usiulize tu upepo una spidi gani, uliza mvua kiasi gani na bahari itapanda mita ngapi.

SWALI: Sasa si wakipige bomu kabla hakijafika?

Hahaha, hili swali halikosi. Kimbunga kilichokomaa kinaachia joto kila siku lenye nguvu kubwa mno kuliko umeme wote unaozalishwa duniani, bomu lako kitalimeza tu, na kama ni la nyuklia kitakusambazia sumu yake bure. Wamarekani walijaribu njia ya kistaarabu zaidi, kuanzia 1962 mpaka 1983 walikuwa na mradi wa kumwaga chembe za iodidi ya fedha (kemikali yenye madini ya fedha) kwenye vimbunga ili barafu itengenezwe nje ya ukuta wa jicho na ukuta wenyewe udhoofike. Wakaja kugundua kwamba vimbunga havina ya kutosha yale matone yaliyo chini ya nyuzi 0 ila hayajaganda, na kwamba ukuta wa jicho huwa unabadilika wenyewe hata usipoguswa, kwahiyo kila walipodhani wamefanikiwa hawakuwa na namna ya kuthibitisha. Wakafunga mradi.

SWALI: Je mabadiliko ya tabianchi yanaongeza hizi dhoruba?

Inategemea unaongelea ipi. Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi, na tangu mwanzo tumesema mvuke ndo mafuta yenyewe, kwahiyo mvua zinazomwagika kwa mkupuo zinazidi kuwa kubwa, hapo hamna ubishi. Vimbunga, idadi yake kwa dunia nzima haijaonyesha kupanda, ila katika vinavyotokea sehemu inayofika madaraja makali imeongezeka, na usawa wa bahari umepanda kwahiyo maji yanaanzia juu zaidi kuingia majumbani. Tonado ni ngumu kusema, joto na unyevu vinaongezeka ila ile tofauti ya upepo sio lazima iongezeke. Mtu akikuambia kila upepo ulioezua choo ni tabianchi, mwambie apunguze.

SWALI: La haraka mjomba, ukiwa ndani ya gari radi ikipiga, matairi yanakuokoa?

Matairi hayahusiki. Umeme umeshapita kilomita kadhaa za hewa, sentimita chache za mpira utazisimamishia nini. Kinachokuokoa ni bodi ya chuma, umeme unapita kwa nje yake kuelekea ardhini na wewe umebaki ndani. Kwahiyo gari la paa la turubai na pikipiki havimo kwenye hesabu, hata kama vina matairi mapya. Funga vioo, mikono mapajani, usishike redio wala usiegemee mlango.